Kibuyu cha Mafuta na Funza wa Fisi

Haya, sogeeni, na anayetaka kusinzia akasinzie kwao. Mwaka huo mvua ilikataa katakata. Bwawa likakauka, na Kiboko akafia matopeni. Wanyama wenye kula nyama wakagawana. Mafuta, kwa desturi yao, yakatiwa kibuyuni awekewe Bi Mbweha, maana alikuwa mzazi na maziwa yalikuwa yamemkauka, watoto wanalia.

Kulipokucha, kibuyu hakipo.

"Mimi? Mafuta hata sura yake nimeisahau!" Fisi akaapa, huku midomo inang'aa. Moyoni alicheka. Kibuyu kilikuwa pangoni mwake, na nusu ya mafuta alishayameza.

Lakini shingo ilimwasha! Kwa uvivu alilala kwenye mchanga mchafu wenye mayai ya nzi, na sasa funza, mtoto wa nzi, amejichimbia chini ya ngozi, anakula na kunenepa. Fisi akajikuna mpaka manyoya yakanyonyoka, akaja barazani, walipoketi wanyama wenzake, akipiga mayowe.

Sungura akachungulia uvimbe. "Loo, mjomba! Funza ana mashavu huyu! Wangu alitoka mwembamba kama uzi. Wako unamlisha nini?"

"Ananila mimi! Mtoe!"

"Kumtoa si kazi. Hilo tundu ndilo pua yake. Likizibwa kwa mafuta atakosa pumzi, atatoka mwenyewe. Ila mafuta, mjomba, mwaka huu nani anayo?"

Mwasho ukampanda kichwani. Fisi akachomoka mbio, akarudi na kibuyu kwapani. "Paka! Paka upesi!"

Wote wakakikodolea macho kibuyu.

Sungura akapaka. Funza akajitokeza, mweupe, mnene, anahema.

"Mwizi we!" Fisi akamfokea. "Umenifyonza mafuta yangu!"

"Nimeyafyonza, nikayasaga," Funza akajibu. "Mengine yamenikuza, mengine nimeyaweka mwilini. Sasa naingia ardhini, najifungia kwenye ganda, sili kitu mpaka niote mbawa. Akiba yangu naibeba mwenyewe. Wewe umebeba ya nani?"

Bi Mbweha akachukua kibuyu. "Ahsante kwa kunitunzia, shemeji."

Mara Fisi akahisi mwasho mwingine, huku matakoni, tena mkali. Akafungua mdomo aombe tone moja tu. Akakutana na macho ya Bi Mbweha. Akaufunga.

Nami naishia hapo. Mla cha mzazi, ajikune.