Duara la Chaki Getini

Wahenga walinena kuwa tahadhari ni kabla ya hatari, yaani mwenye busara huziba njia ya msiba ungali mbali, hangoji umbishie hodi. Fundi Cheche aliijua methali hii tangu utotoni, lakini siku moja nusura imtokee puani.

Cheche alikuwa mchomeleaji hodari mwenye mazoea yake. Kiungo alichokishikiza kwa muda, kwa matone mawili tu ya moto, alikizungushia duara la chaki. Akishakichomelea sawasawa, alilifuta. Kwake yeye, geti lisilo na chaki ni geti lililokamilika.

Mchana ule alikuwa akila na shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye ndiye mpaka rangi wake. Asubuhi walikuwa wamekabidhi geti zito la kusukuma juu ya reli katika shule ya chekechea.

"Shemeji, kwa uchafu hujambo!" mpaka rangi alimtania. "Jana nimekuta chaki kwenye kile kizuizi cha mwisho wa reli. Rangi haishiki juu ya vumbi, nikaifuta."

Cheche akalirudisha tonge sahanini. Kizuizi kile ndicho kilichozuia geti lisipitilize na kuanguka! Asubuhi alilikagua likiwa limeshapakwa rangi, hakuona chaki, akaamini amemaliza.

"Mungu wangu! Inuka twende!"

"Twende wapi tena? Kazi tumekabidhi. Mlipatana na mwalimu mkuu, si wale watoto. Kwani mnajuana nao?"

"Hatujuani. Lakini nilipokuwa nachomelea nilijua fika ni nani watakaolisukuma. Inuka, bwana!"

Walitimua mbio. Walipofika, kengele ya kwenda nyumbani ilikuwa ikilia na watoto wanamiminika kuelekea getini. Cheche alijitupa mbele yao, mikono ameitanua.

"Rudini nyuma, wanangu! Mwalimu, warudishe!"

Mwalimu mkuu alimwona kama mwendawazimu, lakini akawarudisha. Cheche alichukua bomba refu, akasimama mbali, akalisukuma geti. Lilipogusa kizuizi, kizuizi kikang'oka kama jino la mtoto. Geti likapitiliza, likayumba, kisha likajibwaga chini kwa kishindo.

"Mama yangu!" shemeji aliropoka, akakaa chini pale pale.

Mama mmoja, wakili aliyekuja kumchukua bintiye, alimkumbatia mtoto wake kwa nguvu. Shemeji, aliyemfahamu, alimuuliza kwa sauti ndogo, "Mama, lingemwangukia mtoto, kweli tungeshtakiwa? Hatukupatana lolote nao."

"Sheria haiulizi kama mlipatana," wakili alijibu. "Inauliza kama mtu makini, angekuwa mahali pako, angeona kwamba uzembe wake unaweza kumuumiza huyu. Kama angeona, basi una wajibu wa kumjali. Lakini leo hakuna aliyeumia, kwa hiyo hakuna kesi. Kuna kazi tu."

Cheche alicheka huku machozi yanamtoka. Alhamdulillahi! Bintiye wakili alimvuta suruali. "Fundi, geti limelala?"

"Limelala, mwanangu. Tutaliamsha."

Shemeji alinyanyuka, akaomba chaki kwa mwalimu, akachora mwenyewe duara kubwa pale kizuizi kilipong'oka. "Hii," aliapa, "haifuti mtu mpaka wewe mwenyewe, shemeji."

Watoto walitoka kwa mlango mdogo wa pembeni, wazima wote, wakiruka na kuimba. Ama kweli, tahadhari kabla ya hatari.