Mlango wa Subilaga

Mlango haujafunguliwa, mgongaji usimtaje. Mmenisikia nikimnyamazisha Lusajo alipotaka kutumalizia tamthilia, sasa mnataka kujua maneno hayo nimeyatoa wapi. Sikuyatunga mimi. Methali hii ilianza hapa hapa Tukuyu, sebuleni kwangu. Kaeni mtulie, wajukuu zangu, sipendi kukatizwa.

Jirani yangu Subilaga alikuwa na mume aliyekwenda Chunya kutafuta dhahabu. Mwaka wa kwanza alipiga simu. Wa pili simu ikawa haipatikani. Kaka zake Subilaga wakamwambia arudi nyumbani Kyela, mwanamume huyo keshamsahau. Yeye akawa hasemi ndiyo wala hapana.

Wakati huo tulikuwa na tamthilia yetu, wanawake wa mtaa mzima tunaitazama kwangu. Ndani yake mlikuwa na mke anayemngoja mumewe aliyepotelea baharini, watu wakimcheka. Sisi tulitazama kupitisha muda. Subilaga alitazama kama mtu anayesikiliza kesi yake mwenyewe.

Sehemu ya mwisho ilimkuta yuko msibani. Kabla hajaondoka alitusihi, "Jamani, marudio ni Jumamosi. Nikirudi, asinidokeze mtu." Tukakubali, na tukajizuia kweli, tukikutana naye sokoni tunazungumzia bei ya viazi. Ila Mama Gwantwa. Huyo mdomo ulikuwa unamwasha tangu utotoni. Akamkuta bombani, akamwambia, "Mwenzangu, usijisumbue na marudio. Mume harudi. Anayegonga mlango mwishoni ni polisi, amekuja kuleta habari za kifo."

Subilaga hakulia. Alizifunga nguo zote za mumewe, akampelekea mchungaji azigawe kwa wahitaji, kisha akawapigia kaka zake waje wamchukue.

Jumamosi akaja kuniaga, akakuta marudio yanaanza na wenzake wamejaa sebuleni. Akakaa, kwa adabu tu. Mwisho ukafika: mlango unagongwa, mke anainuka, anashika kitasa. Basi. Majina ya waigizaji yakaanza kupita.

Subilaga akamgeukia Mama Gwantwa. "Yuko wapi huyo polisi?"

"Si inajulikana tu, dada. Aliyepotelea baharini anarudi?"

"Ulimwona, au ulidhani?"

"Nilidhani," akasema.

"Kwa dhana yako nimegawa nguo za mume wangu."

Mara mlango wangu ukagongwa. Mama Gwantwa, haya hana, akaanza, "Hao watakuwa kaka zako..."

"Nyamaza," Subilaga akamwambia. "Mlango haujafunguliwa, mgongaji usimtaje."

Nikafungua. Alikuwa muuza maziwa. Lakini nilipogeuka nilimkuta Subilaga amekwisha kusimama, kanga kaitengeneza begani, macho kayakaza mlangoni na machozi yanamtoka. Hapo tukajua, naye akajua, kwamba bado anangoja. Akaenda kwa mchungaji kuzidai nguo, akaambulia koti moja tu. Kaka zake walipofika aliwapikia wali, wakala, wakarudi Kyela bila yeye.

Naona Lusajo unafungua mdomo. Unataka kuuliza kama mumewe alirudi. Nyumba yake ndiyo ile pale, anaishi peke yake mpaka leo. Watu wana majibu yao, tena wanayo mengi. Lakini Subilaga mwenyewe hajasema amechoka, sasa mimi ni nani nimmalizie? Mlango haujafunguliwa, mgongaji usimtaje.