Njia ya Kwenda kwa Lugano

Ndugu zangu, kulikuwa na binti mmoja wa miaka kumi na tisa. Tumwite Tusajigwe. Alipata saratani ya tezi, akakaa miezi saba katika hospitali ya mjini akitundikiwa dripu za dawa. Aliporudi nyumbani nywele zilianza kuota, na majirani wakasema amepona.

Lakini uchovu haukumtoka. Si uchovu huu wetu wa kulima, ambao ukilala unakwisha. Yeye alilala usiku kucha akaamka amechoka vilevile. Akipiga mswaki, ilibidi apumzike kwanza ndipo anawe uso. Mmewahi kuchoka hivyo?

Rafiki yake wa tangu shule, Lugano, alikuwa akija kila Jumamosi kumsimulia mambo ya chuo. Na mnajua kwetu, mgeni akiaga anasindikizwa. Tusajigwe alikuwa akibaki amelala. Jumamosi ya tatu Lugano aliondoka akisema moyoni kwamba mwenzake amejifunza maringo huko mjini. Hakuja tena.

Mama akamuuliza binti yake kwa nini asijikaze hata kidogo, amfikishe mwenzake barabarani.

“Kufika barabarani ninaweza, mama,” akasema. “Kurudi ndiko siwezi.”

Mama hakuelewa. Akachukua jembe akaenda shambani.

Wiki sita hakuna aliyebisha hodi. Binti alilala akisikiliza vijana wenzake wakipita nje wakicheka, akiwatambua kwa sauti, mmoja mmoja.

Ndipo siku moja Lugano akatumwa na mama yake apeleke ndizi nyumba ile. Akaenda amekusudia kusema yaliyo moyoni. Kabla hajafika, akamkuta Tusajigwe ameketi chini kando ya njia, amevaa gauni lake la kanisani, jasho linamtiririka. Alikuwa pale tangu asubuhi. Watu walimpita wakamsalimu, wakaendelea na safari zao.

Lugano akamuuliza anakwenda wapi.

“Kwenu. Nilitaka ujue sikukudharau.”

“Na ungerudije?”

“Hilo sikulifikiria.”

Lugano alitua ndizi, akaketi vumbini kando yake. 

Sasa sisi. Mimi mchungaji wenu nimewahi kumtembelea kijana wa namna hiyo. Nilimwambia ajitie nguvu, imani haikai kitandani. Alinitazama, akafumba macho. Nilitoka pale nikiamini nimemjenga!

Kijana aliyechoka hivyo hana nguvu hata ya kutueleza kwamba amechoka. Atanyamaza, nasi tutauita ukimya wake kiburi. Ni nani hatujamwona hapa kanisani tangu mavuno, tukasema amepoa kiimani? Nani alikwenda kumuuliza?

Tusingoje aje yeye. Njia ni ileile moja, ndugu zangu, lakini kwetu sisi ni fupi.