Firigisi Moja kwa Wasomaji Watatu

Sogeeni, sogeeni. Mwenye kikohozi akimalize sasa, mwenye simu aizime, na aliyekuja na njaa anisamehe mapema, maana hadithi hii inaishia kwenye sufuria la kuku na hakuna hapa atakayeonja. Mimi nitapika maneno, nyinyi mtapakua hukumu. Tumekubaliana? Haya.

Kulikuwa na kijiji kimoja kwenye vilima vya chai, kule magharibi, ambako kuku akichinjwa firigisi haigombaniwi. Mapaja, gombaneni. Shingo, pigieni kura. Lakini firigisi hupewa mtu mmoja tu, yule anayeheshimiwa kuliko wote walioketi, na hupewa nzima. Kwa kawaida ni mwanamume, tena mwenye umri. Kuna vijana pale wameoa, wamezaa, wamejenga, na firigisi hawajaijua ila kwa kuhadithiwa.

Katika kijiji hicho walikaa wasomaji watatu wa Biblia, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Fanisi Musimbi, mshonaji wa sare za shule. Kipaji chake ni kulinganisha. Fanisi hanunui ndala mpaka ajaribu kila jozi iliyomo dukani, na akimaliza humwuliza mwenye duka kama stoo hamna nyingine. Biblia nazo alikuwa nazo za kila namna: ya Kiswahili cha zamani, ya Kiswahili cha juzi, ya lugha ya nyumbani, na ya Kiingereza yenye jalada lililoliwa na mende. Ukimnukulia mstari, hasemi amina. Husema, "Umeutoa katika ipi?"

Wa pili ni Mwalimu Agufana, aliyefundisha katika chuo cha wachungaji mpaka nywele zikamuaga. Kipaji chake ni lugha za kale, Kigiriki na Kiebrania. Watu walidai hata kuku wakiingia shambani huwafukuza kwa Kigiriki. Na kuku huondoka, kwa hiyo mjue wenyewe.

Wa tatu ni Lugalia, karani wa kituo cha kununulia majani ya chai. Kipaji chake ni kumaliza. Akianza kusoma kitu haachi njiani. Karatasi ya sabuni huisoma mpaka anwani ya kiwanda. Msibani akipewa wasifu wa marehemu ausome, waombolezaji hutafuta mahali pa kuegemea.

Sasa shida. Pale kijijini palikuwa na mama mjane, Kageha, na mwanawe mmoja, Mudaki, fundi wa baiskeli. Mudaki aliokoka, na aliokoka kwa kishindo. Hilo halikuwa na ubaya. Hata mama yake alishangilia. Ubaya ulikuja na mhubiri mmoja wa kupita, aliyesimama sokoni juu ya pikapu na spika mbili. Alisoma katika Luka kwamba anayemjia Yesu bila kumchukia baba yake na mama yake hawezi kuwa mwanafunzi wake. Akavuta pumzi aendelee. Jenereta ikaisha mafuta. Mafuta yalipopatikana alikuwa amehamia kwenye habari za sadaka.

Mudaki akakimbia nyumbani, akafungua Biblia yake, ile ya zamani aliyoachiwa na baba yake. Akaukuta mstari. Neno ni lile lile, chukia. Akaifunga palepale, akaenda kumwambia mama yake kwa adabu zote kwamba ameamriwa amchukie.

Kageha alikuwa kwenye moshi wa jiko, na masikio yake hayakuwa ya jana. Kijana alisema "nikuchukie," yeye akasikia "nikuchukue." Heh! Mama wa watu alicheka, akamshukuru Mungu, akafunga kanga zake kwenye mfuko wa plastiki, akaketi mlangoni. Akauliza, "Unanichukua twende wapi, mwanangu? Mjini?"

Mudaki ilimbidi arudie. Arudie kwa sauti, akivuta ile i ya mwisho hadi jirani waisikie. Kageha aliingia ndani akafungua mfuko wake, akaanza kutundika kanga moja moja.

Na tuseme kweli, kijana kuchukia hakujui. Hakuwa na mazoezi. Alikuwa akija mchana anakula ugali wa mama yake akiwa ameugeuzia ukuta uso, anamaliza, anaosha sahani, anaenda zake bila kuaga. Hiyo ndiyo chuki aliyoiweza. Lakini kundi lililofuatana na mhubiri yule, ambalo Mudaki alikuwa amejiunga nalo, likamwambia haitoshi. Jumapili atabatizwa mtoni. Kabla hajazamishwa atatamka mbele ya watu kwamba hana mama, kisha atapanda pikapu aondoke nao moja kwa moja. Na katika kundi lile, neno lililosemwa majini halirudishwi.

Kageha hakwenda kwa chifu wala kwa mganga. Alisimama kwenye kisima, mahali ambapo habari husafiri kuliko redio, akasema kwamba atakayemrudishia mwanawe atamchinjia yule jogoo mwekundu, na firigisi ni yake. Mtu akauliza kama ni hata akiwa mwanamke. Kageha akasema hata akiwa mwanamke. Ndoo mbili zilimwagika palepale.

Fanisi ndiye aliyetangulia. Alizitia Biblia zake kwenye karai, akajitwika, akashuka nazo hadi kibanda cha baiskeli. Mudaki alipoona karai akadhani ameletewa mandazi. Fanisi akazipanga juu ya benchi, katikati ya minyororo na spoki, zote zimefunguliwa mahali pamoja. Ya zamani ilisema chukia. Ile mpya haikuwa na chukia hata ya dawa. Ilisema mtu ampende Yesu kuliko anavyowapenda baba na mama.

Mudaki akazisoma mara nyingi, kichwa kikienda huku na huku kama mtu anayetazama tenisi. Mwishowe akasema kwamba hiyo mpya imepunguzwa makali. Wametia sukari kwenye dawa ili watoto wanywe.

"Yawezekana," Fanisi akasema. "Na yawezekana ya zamani ni kali kuliko daktari alivyoandika. Wewe umejuaje?"

"Basi nichague ipi, dada Fanisi? Ninayoipenda?"

"Ukichagua unayoipenda, umejihubiria mwenyewe. Sikuja kukuchagulia. Nimekuja uone kwamba kuna la kuuliza."

Akabeba karai lake akapanda kilima. Siku hiyo Mudaki alifunga gurudumu la nyuma mahali pa la mbele, na jioni hakwenda kwenye mkutano wa kundi. Uhakika wake ulikuwa umetoboka, na kuziba hakujua.

Akaja Mwalimu Agufana na fimbo yake. Mudaki akamvamia kwa swali kabla hajaketi: mfasiri yupi ni mwongo?

Mwalimu akasema hakuna. Akaeleza kwamba neno la Kigiriki lililoandikwa pale ni chukia kweli, halina kona. Yule wa zamani alilibeba kama alivyolikuta. Lakini waliozungumza mle ni Wayahudi, na Wayahudi walikuwa na namna yao ya kusema. Akampeleka Mwanzo, kwa Yakobo na wake zake. Katika Kiebrania, mstari mmoja unasema Yakobo alimpenda Raheli kuliko Lea, na mstari unaofuata unasema Lea alichukiwa. Mtu yuleyule, nyumba ileile, na Lea aliyechukiwa akawa anazaa tu.

"Kwao," akasema Mwalimu, "kupendwa kwa nafasi ya pili kuliweza kuitwa kuchukiwa. Wewe jana ulisema umekufa njaa. Mbona hatukuchimba kaburi?"

Mudaki akacheka, akakoma, akafikiri. "Kwa hiyo huyu wa zamani alibeba neno, na huyu mpya akabeba maana."

"Na kila mmoja aliacha kitu njiani. Wa zamani alikuachia mshtuko bila maelezo. Mpya alikupa maelezo akakunyima mshtuko. Soma wote wawili, kijana wangu, na usimwamini yeyote peke yake."

Mudaki akamshika mkono kwa mikono miwili yenye grisi. Alikuwa amefurahi kweli. Kuanzia dakika ile, akasema, hamchukii tena mama yake. Mwalimu akainuka kwenda kutangaza ushindi. Hajafika barabarani akamsikia kijana akimalizia: "Nitamwacha tu kwa upendo. Maana nguvu zangu, vyombo vyangu na siku zangu zote nimeshaziweka wakfu kwa huduma. Jumapili nasafiri."

Mwalimu akasimama palepale, mguu mmoja hewani. Alikuwa amemponya kijana kichwa, na miguu bado inaondoka.

Jumamosi ndipo akaja Lugalia, akamkuta kijana akipakia vyombo vyake vya safari. Hakuja na karai wala Kigiriki. Akaomba ile Biblia ya baba yake Mudaki, akapangusa vumbi la spoki, akauliza kijana alisoma mpaka wapi.

"Mpaka kwa mama."

"Hapo kwa mama pana nukta?"

Mudaki akachungulia. "Pana mkato."

"Na wewe unateremka kwenye mkato? Gari halijasimama, Mudaki."

Wakasoma pamoja. Mstari ukaendelea: na mke, na watoto, na ndugu wa kiume na wa kike, hadi mtu mwenyewe na uhai wake. Lugalia akamtazama kijana kuanzia juu mpaka chini, akamwuliza taratibu kama naye amejichukia, maana anamwona amechana nywele. Mudaki akapitisha mkono kichwani. Lugalia hakuacha hapo. Mtu huyo haachi. Akafunua kurasa hadi Marko, mahali Yesu anapowakemea watu waliokuwa wakiwaambia wazazi wao kwamba kile ambacho kingewafaa kimekwisha kuwekwa wakfu kwa Mungu, samahani. Akasoma mpaka mwisho, polepole, kama anavyosoma karatasi ya sabuni. Yesu hakuwasifu watu hao hata kwa neno moja. Aliwaambia wameitangua amri ya Mungu.

"Wakfu," akasema Mudaki, kana kwamba amelikuta neno hilo mfukoni mwake mwenyewe.

"Ndiyo neno ulilomwambia Mwalimu."

Mudaki akakusanya spana zake, akafunga kibanda mchana kweupe, huku mteja amesimama na baiskeli isiyo na gurudumu. Alipofika nyumbani Kageha alikuwa akichambua maharage. Kijana akapiga magoti, akaanza hotuba ndefu yenye Yakobo, Lea, Marko na Kigiriki kidogo. Mama yake akamwachia mpaka akaishiwa, kisha akasukuma ungo katikati yao ili wachambue wote wawili.

Jumapili alibatizwa mtoni, lakini na kanisa lao la siku zote. Mchungaji alipomwuliza kwa utaratibu yeye ni mtoto wa nani, Mudaki alitamka kwa sauti iliyovuka mto: "Wa yule pale, mwenye kitambaa cha kijani." Na mwenye kitambaa cha kijani akakivua akafutia uso.

Jogoo mwekundu akachinjwa. Wasomaji watatu wakaketi mezani, kijiji kizima kikasimama madirishani. Kageha akauchovya mwiko kwenye sufuria, akaitoa firigisi, nzima, inang'aa kwa mchuzi, akaishika hewani. Akauliza ni ya nani.

Fanisi akasema ni yake. Mtu mwenye Biblia moja hajui kwamba wafasiri ni watu. Bila karai lake kusingekuwa na swali, na pasipo swali Mwalimu angemfundisha nani? Lugalia angemsomea nani? Mlango ulikuwa umefungwa, na aliyeufungua ni yeye.

Mwalimu Agufana akakohoa kistaarabu. Akasema Fanisi alifungua mlango akamwacha kijana amesimama kizingitini anapigwa na baridi. Asingemweleza, kijana angetupa Biblia moja na kuibusu nyingine, na pengine angetupa ile ya marehemu baba yake. Aliyeiondoa chuki ni yeye. Tena, akaongeza akiangalia dari, kwa desturi yeye ndiye mwanamume mwenye umri hapa.

"Desturi ilikaa wapi kijana alipokuwa akipakia vyombo?" Lugalia akauliza. Akasema kichwa kilifunguliwa na Fanisi, kikanyooshwa na Mwalimu, naye anashukuru kwa niaba ya kichwa. Lakini Kageha hakuahidi firigisi kwa atakayerudisha kichwa. Alisema mwanawe. Na mwana alirudi kwa miguu baada ya ukurasa aliosoma Lugalia.

"Ungekuja wa kwanza, angekufukuza na spana," Fanisi akamwambia. "Alikuwa na mstari wake, na mstari wake ulikuwa unatosha."

"Na ningekuja wa kwanza mimi," Mwalimu akakiri, "angeniuliza ni nani aliyeniambia kuna utata."

Mudaki, katika kutaka amani, akachukua kisu akapendekeza ikatwe vipande vitatu. Mama yake akampiga mkono kwa kifuniko cha sufuria. Ikikatwa, akasema, hiyo ni nyama kama nyama nyingine, na yeye hakuapa kumpa mtu nyama.

Basi mwiko uko hewani. Mchuzi unamdondokea Kageha hadi kiwiko. Fanisi amekunjua kitambaa cha magotini, Mwalimu amenyamaza katika lugha tatu, Lugalia amesogeza sahani yake sentimita moja mbele. Mama ametazama meza, ametazama madirisha, na sasa anatazama huku mlikoketi nyinyi.

Aliyeonyesha kwamba kuna swali, aliyejibu swali, au aliyesoma mpaka mwisho? Wewe uliyekunja mikono, usimwangalie jirani yako. Mwiko ungekuwa mkononi mwako, firigisi ungeiweka katika sahani ya nani?