Mtu Aliyeuombea Mlima Nusu

Mtu mmoja alikuwa na sauti, na sauti hiyo ndiyo iliyokuwa boma la mlima mzima. Jina lake Melkior. Alikuwa mchungaji wa ng'ombe katika milima ya Uswisi, kule ambako majira ya joto yakifika watu hupandisha mifugo juu kabisa, karibu na theluji isiyoyeyuka, wakakaa huko wakitengeneza jibini mpaka baridi iwarudishe bondeni. Huko juu hakuna uzio. Kuna majani, mawe na ukungu, basi.

Wazee wa mlima huo walikuwa na imani yao. Walisema ukungu una mwenyewe. Jina lake hawakulitaja, walimwita Yule wa Chini, kwa sababu makao yake yalikuwa kwenye korongo lililopita chini ya malisho yote, refu kiasi kwamba ukitupa jiwe husikii likifika. Yule wa Chini, walisema, hachukui kitu kilichoombewa. Kwa hiyo kila jua lilipozama mchungaji mkuu alisimama mlangoni mwa kibanda chake, akachukua faneli kubwa ya mbao, ileile ya kuchujia maziwa, akaiweka mdomoni na kuimba sala huku akigeukia pande zote nne. Sauti ilipofika, ng'ombe na watu walilala salama. Isipofika, shauri yako. Nyie mnaweza kucheka, lakini watu wale hawakucheka, maana waliwahi kuokota kengele ya ng'ombe ukingoni na ng'ombe mwenyewe wasimwone tena.

Melkior aliirithi kazi hiyo kwa baba yake. Nusu ya malisho ilikuwa yake, na nusu ya pili ilikuwa ya mdogo wake, Aloisi. Wakakosana. Ugomvi wenyewe ni aibu hata kuusimulia: hori la kunyweshea ng'ombe, gogo lililochongwa tu, ambalo Aloisi alilisogeza upande wake bila kuuliza. Aloisi angeweza kulirudisha. Melkior angeweza kuchonga lingine, miti ilikuwepo. Hakuna aliyefanya hivyo, na majira yakaendelea wakipishana bila salamu.

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Melkior hakuacha kusali. Hakukosa hata jioni moja. Alichofanya ni kidogo tu: aliacha kugeukia upande wa Aloisi. Alihama pale mlangoni, akaenda nyuma ya kibanda ili kibanda kimzibe, akaelekeza faneli korongoni, kwenye ukuta wa mwamba ulioko ng'ambo, akaimba huko. Maneno ya sala yalikuwa yaleyale, hakupunguza hata moja. Akimaliza, alijiona mtu mwema, akaenda kula.

Aloisi akangoja jioni ya kwanza, akangoja na ya pili, akaelewa. Hakulalamika kwa mtu, ila moyo ulimuuma sana. Na kwa kuwa ng'ombe wake hawakuwa tena na wa kuwaombea, akawa anatembea mwenyewe ukingoni mwa korongo kila jioni yenye ukungu, fimbo mkononi, akiwarudisha waliosogea karibu mno.

Siku moja mtamba wa Melkior, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, alipotea. Melkior alikuwa na maziwa motoni, na maziwa ya jibini huwezi kuyaacha ukaenda zako, kwa hiyo mke wake, Regula, ndiye aliyetoka kumtafuta. Mtamba alikuwa amevuka mpaka, ameingia kwa Aloisi. Regula akamfuata hukohuko, na ukungu ukashuka hata asiuone mkono wake. Hakuogopa sana. Alijua jua linakaribia kuzama na mume wake, akiona hajarudi, ataimba akielekea upande wake, naye ataifuata sauti hiyo mpaka nyumbani. Wanawake wote wa mlima ule walirudi hivyo, na mama zao kabla yao.

Nyumbani, Melkior aliona mke hajarudi. Akachukua faneli, akasimama mlangoni pale pa zamani, akageuka kuelekea malisho ya mdogo wake. Akavuta pumzi. Kisha wazo likamjia: Aloisi akinisikia, atadhani nimemsamehe. Akaishusha faneli. Akarudi nyuma ya kibanda, akaelekea korongoni kama kawaida yake, ila akaona aongeze sauti. Alimpenda mke wake, msimfikirie vibaya. Aliimba mpaka koo likamuuma.

Sauti hiyo ilivuka korongo, ikagonga mwamba, ikarudi. Kule malishoni Regula akaisikia, kila neno, sauti ya mume wake akimwombea apumzike salama. Akamshukuru Mungu, akageuka, akashika njia kuelekea sauti ilikotoka.

Aloisi alimkuta akiwa amebakiza hatua chache tu kufika ukingoni mwa korongo. Alimshika mkono, akamvuta kwa nguvu hata wote wawili wakaanguka kwenye majani, wakabaki pale wakisikiliza kokoto alizokanyaga Regula zikiporomoka gizani mwa korongo. Halafu Aloisi akamsindikiza mpaka kwa kaka yake. Walipofika hakuingia ndani, alisimama nje karibu na kuni.

Melkior alipoona sketi ya mkewe imechanika na magoti yana damu, alielewa kwamba alikuwa amefika ukingoni. Akamuuliza kwa woga kama ni Yule wa Chini aliyemwita. Regula aliketi kwanza. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka.

"Hapana, mume wangu," akasema. "Aliyeniita korongoni ni wewe. Ulikuwa unasali."

Maziwa yaliungua motoni na hakuna aliyeyaangalia. Baadaye Melkior alitoka akaenda pale aliposimama mdogo wake, akafungua kinywa, na mtu yule ambaye sauti yake ilijaza mlima akakosa hata neno la kuanzia. Aloisi naye hakumsaidia. Alingoja.

Ndugu zangu, mimi sitawauliza kama mnasali, kwa sababu mnasali, na wengine mnasali mpaka majirani hawalali. Nawauliza hivi: mkisali mnampa nani mgongo, na ni nani wa nyumbani mwenu anayetembea upande huo sasa hivi, akiifuata sauti yenu?