Korongo Aliyeamriwa Kuinama

Paukwa!

Pakawa.

Sivyo. Mmeitikia mkiwa mmejikunja kama mikeka. Kaeni sawa, kisha tuanze upya. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sauti imetoka.

Hapo kale, kale ya kale, palikuwa na baraza kando ya bwawa la Lwenge. Waliohudhuria ni hawa. Kiboko Lugoma, jumbe wa bwawa. Bata Mpeta. Ngiri Kasimba. Chura Nkoroto. Na nyuma ya wote, Korongo Nyanzala, mlinzi. Sungura hakuwepo, ingawa watu humtia katika kila ngano.

Jumbe Lugoma alisema amechoka kuonwa utosi. Kila akiibuka majini, akiinua macho, anamkuta Nyanzala juu yake.

"Mwenye adabu humtazama mkubwa wake kutoka chini," alisema. "Kuanzia leo, binti, inama."

Nyanzala alikuwa amelelewa vizuri. Akainama. Akakunja shingo, akatoa kibiongo, akaelekeza macho kwenye vidole vya miguu. Akatembea hivyo masika, akatembea hivyo kiangazi.

"Dada, umepoteza sindano?" Mpeta alimwuliza.

"Hapana."

"Basi unatafuta nini kila siku?"

Nyanzala akapita, macho kwenye vidole. Shingo ilimuuma, mgongo ulimuuma, na pumzi ilikuwa fupi. Siku moja fisi akaja akinyata. Nyanzala aliona nyayo zake kwanza, na fisi mwenyewe baadaye. Akafungua mdomo apige yowe, lakini kifua kilikuwa kimebanwa. Ikatoka sauti ya mtu aliyepaliwa na ugali. Fisi akala mayai ya Mpeta, akajifuta mdomo, akaenda zake.

Baraza likakaa tena. Ile amri ya jumbe hakuna aliyeitaja. Walisema mlinzi ni mvivu; akishindwa tena atafukuzwa bwawani, yeye na vifaranga wake wawili. Na vifaranga hao walikuwa bado hawajui kuruka.

Nyanzala akaenda kulia peke yake, mdomo kwenye matope. Hapo akaja Nyamizi, mfinyanzi, kuteka maji. Alijaza mtungi, akaweka kata ya majani kichwani, akajitwika, akashika njia. Hata tone halikumwagika.

"Mama," Nyanzala akamwita, "shingo yako haivunjiki?"

Nyamizi akageuka, mtungi ukageuka naye.

"Shingo iliyonyooka hubeba mtungi, mwanangu. Iliyopinda huchoshwa na kichwa kitupu."

Akatua mtungi wake, akamsokotea Nyanzala kata ndogo, akamtwika kibuyu cha maji. Kisha akamwimbia:

*Utosi juu, bega chini,*
*Macho mbele, pumzi ndani.*

Nyanzala akapiga hatua, akatazama miguu yake. Kibuyu, pu!

"Miguu inajua njia," alisema Nyamizi. "Wewe tazama mbali."

*Utosi juu, bega chini,*
*Macho mbele, pumzi ndani.*

Mara ya pili akakakamaa kama mchi, kifua mbele, pumzi ameizuia. Kibuyu, pu!

"Sikukuambia uwe askari wa gwaride. Legeza mabawa. Mdomo ushushe kidogo. Pumua."

*Utosi juu, bega chini,*
*Macho mbele, pumzi ndani.*

Mara ya tatu akasimama juu ya miguu yote miwili, uzito sawasawa. Akajivuta juu, kana kwamba utosi wake umefungwa uzi na mtu aliye mawinguni. Mabawa yakalegea. Akapumua. Akatembea, na kibuyu kikatulia.

Alifurahi, kisha akakumbuka. Akauliza, je, amri ya jumbe?

"Ukimsalimu, inama," alisema Nyamizi. "Ukimaliza kusalimu, inuka. Hakuna salamu ya mwaka mzima."

Basi kila asubuhi Nyanzala alijitwika kibuyu na kutembea ukingoni, kidogo kidogo, maana mgongo uliozoea kupinda haunyooki kwa siku moja. Akichoka alipumzika, kisha akainuka tena. Shingo ikaacha kuuma. Pumzi ikarudi.

Asubuhi moja, akiwa wima, aliona ncha za mikuki zikija juu ya matete. Wawindaji. Akavuta pumzi hadi tumboni, akapiga yowe lililofika ng'ambo. Mpeta akaruka. Kasimba akatimka, mkia juu. Nkoroto akazama. Vifaranga wawili wakajichimbia katika matete, kimya. Kisha Nyanzala akaruka hadi juu ya jumbe.

"Jumbe, mikuki inakuja. Zama."

Jumbe Lugoma akainua macho.

"Unasema nami kutoka juu? Shuka kwanza, uiname, kisha useme."

Wawindaji walipoondoka, Nyanzala aliwakuta vifaranga wake wazima. Hakuna aliyesema tena habari ya kumfukuza. Mpeta alikuja na kata kichwani, imekaa upande.

"Dada Nyanzala," alisema, "nami nifundishe. Usicheke."

Nyanzala alicheka sana.

Funzo ni hili: heshima hukaa moyoni, haikai kwenye kibiongo. Inama usalimu, kisha inuka, uone mbali na upumue.

Hadithi yangu imesimama wima hapa. Mwenye shingo na ajitwike aende nayo kwao.

Mnauliza habari za jumbe. Jumbe Lugoma alikufa asubuhi ile.