Mbeleko Sandukuni mwa Bibi Klementina

Hapo zamani, masultani walipokuwa wengi kuliko miji, Sultani Badawi wa Mwangoni alijiwa na mgeni kutoka Ulaya, Bibi Klementina, aliyekuja na sanduku tupu kubwa kama kitanda. Hata maji hakunywa, akasema, "Sultani, wanawake wako wamefungwa! Nimewaona njiani na mabuibui, moyo ukanilia. Nimekuja kuwafungua."

"Wamekuambia wamefungwa?"

"Watasemaje, maskini, nao wamefungwa?"

Basi Sultani akaogopa kuonekana mshamba, akapiga mbiu: kila nguo inayomfunga mwanamke iletwe barazani, itiwe sandukuni kabla ya adhuhuri jinsi ilivyo, isifuliwe wala isikunjuliwe, Bibi akaionyeshe kwao, na atakayekaidi askari watamvua njiani.

Mbiu ikamfikia Mwatime binti Kheri, mjane kijana, fukara, mwenye buibui moja na mtoto mmoja, na huyo mtoto anaota meno. Buibui ndilo stara yake mbele ya Mungu na watu, leo avuliwe sokoni mbele ya wauza samaki, jamani, uso atauweka wapi? Akazunguka chumba, akalia, akanyonyesha, akamfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko, mtoto akamvuta kichwa, akampiga mateke ya mbavu. Mwatime akasimama ghafla. "Kumbe!" Akatoka mbio kwa majirani, nyumba hata nyumba, akiwanong'oneza.

Ikawa kabla ya adhuhuri akaingia barazani, buibui li mwilini, akafungua mbeleko, akaitia sandukuni na mtoto wake ndani.

"Nini hiki?" akauliza Sultani.

"Nguo inayonifunga, Seyyid. Buibui nalivaa mwenyewe, nalivua mwenyewe. Lakini mbeleko hii! Silali, sili, chooni siendi. Nayo mbiu imesema jinsi ilivyo, isikunjuliwe, nami ni mtiifu. Bibi, ahsante, umenifungua! Anaharisha kidogo, ni meno tu."

Nyuma yake wakaingia majirani, mbeleko juu ya mbeleko, sanduku likajaa vilio. Sultani akapakatishwa pacha, joho likalowa. Bibi Klementina akashikwa nywele na wawili, akapiga kelele, "Mchukue! Mchukue wako!"

"Loo, Bibi!" akasema Mwatime. "Wataka kunifunga tena?"

Sultani akacheka hata kilemba kikamdondoka, akaitangua mbiu palepale. Bibi akaketi chini, anahema, mtoto wa Mwatime kifuani. "Basi ninyi mwataka nini?"

"Ee Mola wangu," akasema Mwatime, "tangu uje, ndio kwanza umeuliza. Mshike shingo, Bibi, hivyo atateguka. Haya, sikia. Mimi shemeji yangu ameikalia nyumba ya marehemu mume wangu, na kadhi kila nikienda amelala."

"Kadhi aamshwe!" akanguruma Sultani, pacha wakashtuka wakaanza upya, naye akasimama kuwabembeleza. Nyumba ikarudi jioni ileile. Wenzake wakapanga foleni kwa Bibi, kila mmoja na lake, wala buibui halikutajwa na hata mmoja.